Bwana Afya kwa Mpunga na kwa Kambale

Nilipokubaliwa na shule mbili kwa mpigo, nilidhani wakubwa wangu wangefurahi. Badala yake walianza kupiga hesabu.

Shule ya serikali ilikuwa mbali, miaka mitatu, na aliyehitimu alitoka bwana afya: baiskeli, kaptula ya kaki, mshahara wa kila mwezi. Shule ya misheni, ya wauguzi wa wodini, ilikuwa hapa hapa Ifakara, miaka miwili. Ujira mdogo, lakini mtu anakula kwao na kulima shamba lake. Mimi nilitaka ile ya mbali. Nilitamani kuingia kijiji nisichokijua, nichungulie visima, niwaambie watu wazima wachimbe vyoo, na wanisikilize. Hamu hiyo haikuwa na bei, basi hakuna aliyeiulizia.

Kwetu mtoto haendi popote mpaka mjomba aridhie, na wangu alikuwa mvuvi wa Kivukoni. Baba, mkulima wa Lumemo, aliupima mshahara kwa magunia ya mpunga, tena kwa bei ya mavuno, mpunga unapouzwa bure. Mjomba aliupima kwa vikapu vya kambale wakavu, kwa bei ya masika, samaki wanapotawanyika mbugani na kikapu kimoja ni mali. Mshahara ule ule ulijaza ghala la baba, ukashindwa kufunika sakafu ya mtumbwi wa mjomba.

“Shemeji, huyo bwana afya wako atakula kaptula?” mjomba akamuuliza baba.

“Na wewe utamlisha nini, miiba?”

“Shikamoo, mjomba,” nikaingilia. “Lori la kwenda shuleni linaondoka Jumatatu, na mvua hii...”

“Marahaba. Kaa chini. Wakubwa hawakatizwi hesabu.”

Nikakaa. Ee Mungu, nilivyokaa! Vibuyu vya pombe viliingia vimejaa, vikatoka vitupu. Nje mvua ilishuka kama nywele za mwanamke anayezifumua bila haraka. Lori lilipita nikilisikia. Kisha barabara ya Kiberege, ya kutokea Ifakara, ikazama, na shule ya serikali ikafunguliwa bila mimi. Mama akanifungia mkeka. Nikaenda misheni kwa miguu.

Maji yaliporudi mtoni, baba alinijia misheni na jogoo kwapani, uso unang’aa.

“Furahi, mwanangu! Kambale wameshuka bei. Mjomba wako ameridhia uende serikalini.”

Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji machafu ya wodini. Maneno yalinijaa kinywani, yote ya kumtukania mtu barabarani.

“Shikamoo, baba,” nikasema.