Mistari Yake Mbele, Yangu Nyuma

Siku yangu ya kwanza ku kazi, chef garage wa Beni hakuniuliza hata jina. Alinipa kisu, akanionyesha pneu moja, tairi ya camion ya mizigo iliyokwisha kabisa, laini kama kichwa cha padri muzee, akasema: "Chanja." Nikabaki namuangalia. Mimi mutoto wa balimaji ba Kalunguta, niliona batu banachanjwa dawa, mais pneu? Akacheka, akanivutia kiti. "Kaa hapa. Siye tunaponyesha bintu byenye bengine banatupa."

Ninyi vijana munanunua mapneu mupya, kazi ile hamuijue, donc niwaeleze. Pneu mupya iko na mistari iliyochimbwa, na mistari njo inauma udongo. Ikiisha, camion inateleza. Wakati wetu pneu mupya tuliisikia tu mu hadisi. Quado, ni kusema fundi wa mapneu, alichukua kisu cha ressort, chuma cha springi ya motokari, akakipasha moto ku makala, akapaka maji ya sabuni, kiisha akachimba mistari mingine mu kaucho iliyobaki, ule mupira wa pneu. Ukichimba kidogo, umefanya kazi bure. Ukichimba sana, unafikia toile, zile nyuzi za ndani zenye kushikilia pneu, na itapasuka njiani na batu juu. Chef wa Beni alipimaka na kucha ya kidole kidogo. Na mimi nilipima vile mpaka siku ya kuacha kazi. Kucha yenyewe ni hii, haikuota tena muzuri.

Mistari yetu ilikuwa ya kukingama, kama ngazi. Juu ya nini? Juu ya potopoto, ule udongo wa mvua. Ngazi inapandisha mutu.

Kiisha patron wetu akanihamisha Butembo. Alikuwa Hadji, Muislamu wa Beni, na camions zake zilifika mpaka Manguredjipa. Ku Butembo nilikuta chef garage mwengine, mutu wa kununa, aliyeuza maharagi miaka mingi mbele ya kujua motokari. Nilikuta pia Ramazani, chauffeur mwenye kuendesha camion kubwa. Na nilikuta ugonjwa wa course, mashindano ya motokari.

Karibu na soko, mufanyabiashara moja alikuwa na salle ya vidéo. Bachauffeur balimuleteaka cassettes za course za Ulaya kutoka Kampala, zile za motokari zenye kukimbia kupita zote mu dunia. Siku ya Mungu, sisi Bakatolika tukitoka misa, tulikuta Baislamu bamekwisha kukamata viti vya mbele. Course yenyewe ilikuwa ya zamani, radio ilikwisha kutuambia mushindi, mais tulipiga kelele vilevile. Mimi nilikuwa mutu wa gari nyekundu, Ramazani mutu wa gari ya buluu. Kusema kweli, miye niliangalia mapneu. Ilikuwa laini, bila mustari hata moja, na iliniuzi sana. Batu benye mali vile, na hawana quado.

Kiisha vita ya kwanza ikafika. Basoda na bunduki zao balipita mu muji, bengine bakaja nyuma yao, na njia ya Manguredjipa ikafungwa. Bibi yangu, muke wangu Kavira, alikuwa ameenda kule na batoto kumuuguza mama yake. Bakabaki upande wa pili wa masasi. Simu hakuna. Habari ililetwa na batu benye kutoka musitu kwa miguu: "Tulimuona, anaishi." Kiisha hata hao hawakuja tena. Nilikula bila kusikia chumvi. Wakati ule sikuogopa kitu kingine mu dunia.

Njo siku zile radio ya Kifaransa ilitangaza sheria mupya za course. Mwaka unaokuja, motokari zitapunguzwa upana, na mapneu laini hapana tena. Kila pneu itachimbwa mistari ya kuzunguka, mbele tatu, nyuma ine.

Salle iligeuka soko. Muzee moja muuza chumvi akasema Bazungu nao bamekosa mapneu, kumbe vita imefika kwao. Mwengine akasema ni fitina juu ya gari nyekundu. Mwengine akaapa kama motokari nyembamba zitapinduka zote, na yeye cassette ya mwaka unaokuja haitamuona. Mimi nilifurahi.

"Sasa bamepata quado," nikasema. "Batakimbia kupita zamani."

Ramazani akatikisa kichwa. "Hapana, Papa Paluku. Radio imesema ni kwa kupunguza mbio. Ku lami, kaucho yote inagusa njia. Ukichimba, unapunguza yenye kugusa."

"Tangu lini kuchanja kunapunguza nguvu?"

"Miye nasema kile radio imesema."

"Basi radio imedanganya."

Tukabishana ku garage, ku soko, mpaka mbele ya kanisa. Na mujue, ilitufanya muzuri. Siku zile, mbele ya kutaja jina la mukubwa fulani, uliangalia kwanza nyuma yako. Mais mapneu ya Bazungu tuliibishania kwa sauti, mulango wazi.

Asubui moja Hadji akaingia ku garage. "Njia imefunguka kidogo," akasema. "Ramazani ataenda Manguredjipa kuchukua batu benye balikwama. Paluku, muchanjie mapneu muzuri. Inshallah bibi yako atakuwa mule."

Njia ile niliijua. Kuna mulima moja tuliuita Kitubio, sababu kila mutu aliungama zambi zake zote mbele ya kuupanda. Mbele ya vita, camion moja iliteleza pale ikaenda mu shimo na batu bake.

Nikapasha kisu moto. Ramazani akasimama mbele yangu. "Nataka mistari ya kuzunguka, sawa ile ya sheria mupya."

"Umerogwa? Weye mwenyewe ulisema inapunguza."

"Ku lami. Miye nilitembea ku lami siku gani? Pale Kitubio camion haikatai kupanda. Inapanda, kiisha kichwa chake kinakimbilia kando. Ngazi yako haizuie kwenda kando. Mustari wa kuzunguka utaingia mu udongo, utanishikilia mu njia."

"Utabaki chini pale, magurudumu yanazunguka bure."

"Na weye utanitupa mu shimo."

Hasira ilinikamata, nikarudisha kisu ku makala. "Ramazani, bibi yangu na batoto batakuwa juu ya camion hii."

Akajibu polepole: "Na miye nitakuwa ku volant, Papa Paluku. Unazani nataka kufa juu ya cassette?"

Chef garage akatoka mu bureau, amenuna vile kawaida. Sasa, mutu wa Butembo hata ku kitubio anaombaka padri amupunguzie sala. Chef aliona mabishano yetu vile aliona bei ya maharagi: huyu anavuta juu, huyu anavuta chini, lazima bakutane.

"Chauffeur anakaa mbele," akasema. "Mbele iwe yake. Quado, weye ubaki na nyuma. Na camion ya patron itoke kesho, sitaki kusikia tena."

Hapakuwa elimu mule ndani. Ilikuwa kukata bei tu.

Nikachanja. Ramazani alimwanga maji ya sabuni. Mistari yake niliianza na roho mubaya. Kiisha nikamuona Kavira mu mawazo, amekaa juu ya mizigo na mutoto ku magoti, na nikanyoosha mukono. Kila mustari niliupima na kucha, wake kwanza, kiisha wangu. Sijafanya kazi safi kupita ile.

Camion ikaenda, na mvua ikanyesha. Siku ya Mungu salle ya vidéo ilibaki wazi bila mutu, juu bote balikuja kungojea ku garage: batu ba gari nyekundu, batu ba gari ya buluu, Bakatolika na Baislamu. Muzee wa chumvi aliniletea chai, akanikalia karibu. Hakutaja tena mapneu.

Camion ilifika saa za alasiri ya siku iliyofuata, nyekundu yote kwa udongo. Kavira akashuka, kiisha batoto moja moja. Nilitaka kuuliza mambo mingi. Nikalia tu, mbele ya garage yote.

"Pale Kitubio nilifunga macho," akaniambia. "Nilisikia nyuma inatusukuma, na kichwa hakikutoka mu njia. Kiisha mutu akasema tumefika juu."

Ramazani akashuka nyuma yake. Akapiga teke pneu ya mbele, akazunguka, akapiga teke ya nyuma, akanipa mukono.

"Match nul, Papa Paluku. Hakuna mushindi."

Kiisha pale, bachauffeur bote balitaka mbele ya Ramazani na nyuma ya Paluku. Vita ingine ilikuja, mbaya kupita ile, na tukachanja vile mpaka mapneu mupya ikaanza kuonekana mu muji. Na mapneu ile mupya ya camion ilitoka kiwandani sawa yetu, mbele mistari inazunguka, nyuma ngazi. Tulicheka mpaka machozi.

Sasa mimi ni muzee wa kiti. Ramazani, yeye pia muzee, ananipigia simu kutoka commune ya Ruwenzori ku Beni. Siku bakubwa ba course balirudisha mapneu laini, alinipigia mbele ya sala ya asubui: "Bameondosha mistari yetu." Nikamujibu baondoshe yao, yetu ilikwisha kutumika.

Vijana banakujaka kwangu na simu zao, banalia juu ya sheria zinazokuja, eti moteri na umeme, eti course imekufa. Ninawaambia bangoje kwanza. Mutu haonje chakula na masikio.

"Na weye, Papa, ulikuwa na hakika siku ile ya Kitubio?" moja akaniuliza juzi.

"Hakika kabisa," nikasema.

Kavira alikuwa anabamiminia chai. Hakugeuka.

"Hakika yake ingeshinda," akasema, "leo mungekunywa maji."