Sila Hahami Tena

Mama mkubwa Tabea hakuwahi kukaa kwenye nyumba iliyokwisha. Nyumba ikikwisha, anaiuza. Ndivyo alivyopata utajiri pale Makambako, na ndivyo alivyomtesa mume wake, baba mkubwa Sila, mtu mpole wa kijiji cha Kichiwa ambaye kosa lake kubwa maishani lilikuwa kuoa mwanamke mwenye akili.

Mtindo wao ulikuwa huu. Mama mkubwa ananunua kiwanja nje kidogo ya mji, mahali ambapo watu wanalima viazi na kumcheka. Anapandisha kuta, anaezeka bati, kisha familia inahamia humo humo, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mifuko ya saruji na baridi ya Juni ikiwafuata mpaka kitandani. Baba mkubwa anapiga plasta, anapaka rangi, anapanda mianzi nyuma ya jiko ili siku moja agemee ulanzi kwake. Umeme ukifika mtaani na barabara ikichongwa, dalali analeta mteja, na mama mkubwa anauza kwa faida ya kutosha viwanja viwili vingine. Mianzi ikikomaa, ulanzi anakunywa mtu mwingine.

Sisi ndugu tulimsifu kanisani na kumsengenya nyumbani, kama ukoo wowote wenye adabu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa upande wa barabara ya Njombe. Hapo baba mkubwa akaanza kuugua, na hapo hapo mfanyabiashara wa mbao aitwaye Rodrick akapataka kwa ajili ya gesti. Mama mkubwa alikuwa tayari kuuza. Ndipo mgonjwa akamwita mchungaji, wazee wa ukoo na mdogo wake Elius, akasema akifa asipelekwe Kichiwa, azikwe nyuma ya jiko. Kwetu maiti hurudishwa nyumbani, hata aliyefia Dar es Salaam anarudishwa, kwa hiyo wazee wakadhani ni homa.

"Kichiwa ni kwa baba," baba mkubwa aliwaambia. "Mimi nataka kulala kwangu."

Nani ampinge mtu anayekufa? Akazikwa nyuma ya jiko, na mimi pale kaburini nililia huku kicheko kikinibana, maana mzee alikuwa amemshinda mkewe kwa mara ya kwanza. Gesti gani ipate wateja na mwenyeji wa namna hiyo uani?

Rodrick hakukata tamaa. Matanga yalipokwisha alirudi na bei kubwa zaidi, akaahidi kugharamia safari ya marehemu kwenda Kichiwa. Elius alifurahi, kaka yake anarudi kwao. Kibali kikatoka. Na mama mkubwa, ambaye miaka yote aliwaambia wauzaji wenye makaburi ya bibi zao kwamba mifupa haina hati ya kiwanja, angekataa kwa mdomo upi? Akakubali. Nilimchukia wiki nzima, na sioni sababu ya kuficha.

Asubuhi ya kumhamisha, Elius alikuja na vijana wenye sepetu, mchungaji na kitabu chake, Rodrick na suti. Mama mkubwa akatoka jikoni, akasimama karibu na msalaba. Elius akamwomba asogee kidogo ili waanze. Hakusogea. Alilia kwanza, kilio kibaya chenye makamasi, mtu ambaye hata msibani alikuwa akiuliza bei ya saruji.

"Shemeji," alimwambia Elius, "huyu nimemhamisha akiwa hai mpaka akachoka. Hakuwahi kunikatalia. Safari hii amekataa, nanyi nyote mlimsikia."

Rodrick akapandisha bei. Mama mkubwa aliisikiliza mpaka mwisho, maana tabia haiponi kwa asubuhi moja, kisha akatikisa kichwa. Rodrick akarudi kwenye gari lake. Elius, aliyekuwa amechanganyikiwa, akauliza sasa vijana waliotoka Kichiwa na sepetu zao wafanye nini.

Mama mkubwa akajifuta pua kwa khanga, akawaambia wachimbe msingi wa uzio kuzunguka kaburi. Walipoanza kupima, akawasimamisha.

"Ongezeni huku kushoto," alisema. "Pimeni ya watu wawili."