Maisha ya Mama Samahani, Mshona Sanda Aliyemwogopa Mungu

Alizaliwa mchana wa radi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya shangazi yake, na wana ukoo husimulia kwamba ngurumo ilipopiga hakulia kama watoto wengine bali alinyamaza ghafla, kama mtu aliyekaripiwa. Mwandishi wa habari hizi hakuwepo, wala hadai kwamba mtoto mchanga anajua maana ya radi. Analiandika jambo hili kwa sababu maisha yote yaliyofuata yalifanana nalo. Mama yake alifariki kabla yeye hajaanza kutambaa. Baba yake aliaga kwamba anakwenda kutafuta kazi, na huko alikokwenda hakurudi. Akabaki mikononi mwa shangazi, mwanamke mkavu wa maneno, mcha Mungu kupita kiasi, ambaye ndiye aliyekuwa mshona sanda wa parokia. Shangazi huyo alimlisha, alimvika, alimsomesha katekisimu mpaka akaijua kwa moyo, na akamtia hofu ambayo haikumtoka hadi anaingia kaburini. "We mtoto," alikuwa akimwambia, "Mungu hachezewi. Hata ukifumba macho anakuona." Binti akaamini. Aliomba radhi akipiga chafya katikati ya rozari, aliomba radhi akisinzia kwenye mahubiri, na siku moja alikutwa nyuma ya mlango akimwomba Mungu msamaha kwa kuwa alikuwa ameifurahia mno sukari ya kwenye chai. Watoto wa mtaani wakamwita Samahani. Jina likamganda, na alipokuwa mtu mzima heshima ikaongeza neno moja tu mbele yake.

Watu wengi hupenda watakatifu majasiri, wanaocheka mbele ya simba. Anayetafuta wa namna hiyo na aweke chini karatasi hizi, maana Mama Samahani aliogopa kila kitu kilichomhusu Mungu, na Mungu kwake alihusika na kila kitu. Aliolewa na fundi saa, mtu mpole na mcheshi, aliyekuwa akimtania kwamba akifika mbinguni atagonga mlango taratibu mno hata malaika wasimsikie. Fundi saa alifariki mapema, wala hawakujaliwa mtoto. Mjane akarudi kwa shangazi, na shangazi alipopoteza nguvu ya macho alimkabidhi kazi: meza ndefu ya mbao, mkasi, pasi ya mkaa, jora la kitambaa cheupe na uzi mwekundu.

Hapa yafaa kueleza desturi ya parokia ile, kwa sababu hapo ndipo maisha haya yalipogeuka. Aliyekufa akiwa amebatizwa na kupatana na Kanisa alishonewa msalaba mdogo mwekundu kifuani pa sanda, akazikwa ndani ya ukuta wa makaburi. Ambaye hakubatizwa, au aliyejiua, au aliyekufa akiwa ametengwa, sanda yake ilikuwa tupu, na kaburi lake nje ya ukuta, palipoota magugu. Shangazi alimfundisha kwamba msalaba ule si pambo. Ni ushahidi. Mshonaji anaposhona anamwambia Mungu: huyu ni wako, mpokee. Kwa hiyo kumshonea asiyestahili ni kutoa ushahidi wa uongo mbele ya Hakimu asiyedanganyika, na adhabu yake ni moto wa milele. Mama Samahani aliyapokea maneno hayo kama alivyopokea radi. Kabla ya kila msalaba alisali Baba Yetu, na uzi ukikatika katikati alifumua wote akaanza upya, kijasho chembamba kikimtoka.

Ikawa Jumamosi moja kabla ya Pentekoste, mwaka paa la kanisa lilipoezekwa upya, mke wa fundi matofali aliyekaa nyumba ya jirani alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Mama Samahani aliitwa kusaidia kuchemsha maji. Mtoto alitoka akiwa hai, wa kiume, mdogo sana, midomo imegeuka rangi. Damu ya mama haikukatika, na mkunga hakuweza kumwacha. Akamtia mtoto mikononi mwa Mama Samahani akasema, "Mbatize huyu mara moja. Hafiki jioni." Beseni la maji lilikuwa pale pale, juu ya kigoda. Kila Mkristo wa parokia ile alijua tangu utotoni kwamba penye hatari ya kifo mtu yeyote aweza kubatiza, na Mama Samahani aliyajua maneno yake kuliko wengi. Alichota maji kwa kiganja. Akaanza, "Nakubatiza..." akakwama. Je, maji yatoke kichwani mpaka wapi? Je, akikosea neno moja, haitakuwa kufuru? Mikono iliyomgusa Mungu vibaya itakuwa na mwisho gani? Maji yakavuja vidoleni yakaanguka sakafuni. Akamlaza mtoto kitandani, miguuni pa mama yake, akatoka mbio kumwita Paroko, padri wa parokia.

Paroko alikuja mbio vile vile, stola, ule utepe wa ibada wa shingoni, ikiwa mkononi, viatu havijafungwa kamba. Walimkuta mtoto amekwisha kukata roho. "Ulimmiminia maji?" Paroko aliuliza. "Sikummiminia, Baba. Niliogopa nisije nikakosea." Paroko akasema kwamba itabidi azikwe nje ya ukuta. Na mama aliyejifungua, akiwa bado amelala hoi, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu amebatizwa?" Mkunga alimtazama Mama Samahani kwa jicho lililomsihi aseme ndiyo. Ingekuwa rahisi, na ni nani angejua? Lakini hakuwahi kumdanganya mtu maishani mwake. Akajibu, "Hapana. Maji nilikuwa nayo mkononi. Niliogopa." Mke wa fundi matofali akageuza uso ukutani. Hakumsemesha tena kwa muda mrefu sana.

Jioni ile ile, jua halijazama, Mama Samahani aliketi mezani kwake akakata kitambaa. Sanda ya mtoto haihitaji kitambaa kingi. Alishona pindo zote, kisha akakaa tu, mikono mapajani, kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha na moyo wake ulikataa kwamba imekwisha. Mambo aliyoyawaza yalijulikana baadaye kwa kuwa alimsimulia mama wa mtoto, naye akatusimulia sisi. Aliwaza kwamba kosa lilikuwa la kwake, na anayefungiwa mlango ni mtoto. Aliwaza kwamba mkunga, binadamu mwenye dhambi na ulimi mchafu, alimpokea mtoto yule bila kumuuliza dini yake. Na hapo likamjia wazo lililomtisha kuliko jehanamu yenyewe: kama Mungu ni mdogo wa huruma kuliko mkunga, basi yeye amekuwa akimwogopa mwingine siku zote, si Mungu. Aliposema neno hilo moyoni alitazama dari, akingoja lianguke. Halikuanguka. Hilo halikumpa faraja, kwa maana alijua Mungu ana subira. Akachukua uzi mwekundu. Akasali Baba Yetu, akashona msalaba kifuani pa sanda ile, meno yakigongana.

Kesho yake Paroko aliuona msalaba katika sakristia, chumba cha mavazi ya ibada, dakika chache kabla ya maziko. Tumwandike Paroko kwa haki. Hakuwa mtu katili; alikuwa mchungaji aliyeamini kwamba ataulizwa habari za kila kondoo. "Mama, fumua," alisema. Mama Samahani alipiga magoti, akajibu maneno ambayo parokia nzima iliyajua kabla ya misa ya pili: "Samahani, Baba. Sifumui." Paroko akamkumbusha kwamba ni ushahidi wa uongo. Akajibu, "Najua nilivyofundishwa. Lakini nikikosea, heri nikosee kwa kumdhania Mungu mema." Paroko alikaa kitini. "Unadhani mimi napenda?" alisema. "Mimi naogopa kama wewe. Nikiachia hili, nitamjibu nini siku hiyo?" Wakatazamana, waoga wawili, kila mmoja akimwogopa Mungu yule yule, na hakuna aliyeweza kumsaidia mwenzake. Kwa kuwa fundi matofali alikuwa mlangoni na jeneza dogo mikononi, mtoto alizikwa na msalaba wake, nje ya ukuta. Mama Samahani alizuiwa komunyo mpaka siku atakaposimama mbele ya waumini na kusema kwamba msalaba ule ulikuwa wa uongo. Akifa kabla ya kusema, yeye mwenyewe angezikwa kama aliyetengwa.

Hakusema. Wala hakulihama Kanisa, kama wengine walivyomshauri. Kila Jumapili alikuwa benchi la mwisho karibu na mlango, na wakati wa komunyo alibaki amepiga magoti peke yake, uso umefunikwa kwa khanga, watu wakimpita kushoto na kulia. Kazi ya parokia alinyang'anywa. Lakini wenye maiti ambazo hakuna aliyezitaka walianza kuja kwake kwa mlango wa uani: ndugu wa mwizi aliyepigwa sokoni, mjane wa mtu aliyejinyonga, watu waliookota mgeni asiye na jina. Aliwashonea wote, na wote aliwatia msalaba. Tusidhani kwamba alizoea. Mwanamke mmoja aliyemsaidia kupiga pasi ameshuhudia kwamba kila mara mikono ilimtetemeka vile vile, na kila mara alisali kwa sauti, "Mungu wangu, samahani. Kama nakosea, nipige mimi. Huyu mwache." Msalaba wake haukunyooka hata mara moja katika miaka ile yote.

Siku moja mke wa fundi matofali aliingia chumbani mle, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alikuwa amekuja na hasira aliyoitunza miaka, lakini alikuta Mama Samahani akimshonea mtoto mwingine, wa watu asiowajua. Akamtazama mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Hebu niambie, jirani. Huyo Mungu wako yukoje?" Mama Samahani alijibu, "Sijui, jirani. Namwogopa sana. Nilifundishwa kwamba anatafuta sababu ya kututupa. Mimi nimeanza kuamini kwamba anatafuta sababu ya kutotutupa, na hana mtu wa kumpa. Basi nampa hii." Akaonyesha sindano. "Na kama sivyo?" mwenzake aliuliza. "Kama sivyo nimekwisha," alisema Mama Samahani, na akaanza kulia. Mke wa fundi matofali akavuta kigoda karibu. Tangu siku ile hawakuachana.

Aliugua kifua katika juma la kwanza la Kwaresima, na ilipofika Ijumaa ilionekana wazi kwamba hatapona. Paroko, ambaye sasa alikuwa mzee anayetembea na fimbo, alikuja adhuhuri akiwa na mafuta matakatifu na Ekaristi, mkate wa komunyo. Alisimama kando ya kitanda akamsihi kama mtu anayemsihi dada yake. "Sihitaji mbele ya watu tena. Niambie mimi tu. Neno moja, kwamba ulikosea, nami nitakupa Bwana wako sasa hivi." Mama Samahani aliutazama mkebe wa Ekaristi kwa njaa ya miaka mingi. Alitetemeka mpaka kitanda kikalia. "Nikisema hivyo, Baba," aliuliza, "yule mtoto nitakuwa nimemfumulia?" Paroko hakuwa mtu wa uongo. Akasema, "Ndiyo." Mama Samahani akahema, kisha akasema, "Naogopa, Baba. Hujui ninavyoogopa. Lakini siwezi kumwacha peke yake mara ya pili." Paroko alingoja. Halafu akafunga mkebe, akatoka akipapasa ukuta.

Alasiri hofu ilimzidi. Wengi wangependa tuandike kwamba alitulia, kwamba uso wake uling'aa. Hakutulia. Alimshika jirani yake mkono kwa nguvu hata kucha zikamwingia, akawa anarudia, "Na kama ni kweli? Na kama ni kweli walivyosema?" Yule mama hakuwa msomi wa dini, wala hakujua la kumwambia. Mwishowe akamwinamia sikioni akasema, "Kama ni kweli, basi mwanangu yuko huko huko. Ukimkuta, mbebe." Mama Samahani akamtazama. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kazi anayoiweza, na muda si mrefu akakata roho.

Yanasimuliwa maajabu mengi: harufu ya manukato chumbani mwake, magugu ya nje ya ukuta kuchanua nje ya majira, wagonjwa kupona walipofunikwa khanga yake. Mwandishi hayakanushi wala hayathibitishi. Anathibitisha moja tu, kwa sababu waliolishuhudia wangali hai. Alizikwa nje ya ukuta, kama ilivyoamriwa, katika sanda aliyoshonewa na mke wa fundi matofali, ambaye hakuwahi kushona hata kifungo. Msalaba wake ulikuwa mbaya mno. Watu walipokuwa wanajiandaa kuteremsha jeneza walimwona Paroko akija katikati ya magugu, mahali ambapo hakuna padri aliyewahi kukanyaga kwa maziko, amevaa kanzu na stola. Aliomba kifuniko kifunguliwe. Akautazama msalaba kwa muda mrefu, na wote wakangoja aseme ufumuliwe. Akafungua kitabu, akasoma sala yote ya maziko, mpaka amina. Kisha akauliza yule mtoto amelala wapi, akaenda akaisoma tena, tangu mwanzo.

Ndugu mpendwa unayesoma, hatukuletei maisha haya ili uache kumwogopa Mungu. Mama Samahani hakuacha, na hatujui kama Paroko aliacha. Lakini utakapofika siku yako ya kutetemeka, na ukaambiwa kwamba utapona wewe ukikubali mwingine atupwe, mkumbuke mwanamke huyu. Mwogope Mungu kama alivyomwogopa yeye, kwa moyo wote na kwa mwili wote, na usimtupe mtu.