Minyoo ya Mbwa wa Jirani Ilivyonipasua Tumbo

Ndugu zangu, kabla ya kuugua nilikuwa mwanamke wa jembe. Nililima mchicha nyuma ya nyumba yetu Mikumi, nikauza sokoni, na kitanda cha hospitali sikukijua.

Biashara ziliporuhusiwa kwa kila mtu, jirani yetu Kibwana akafungua bucha. Alichinjia uani kwake. Maini na mapafu yenye malengelenge, yasiyouzika, aliwatupia mbwa wake wanne yakiwa mabichi. Wakishashiba, wanakuja kunya kwenye matuta yangu.

Nikamwambia, "Kibwana, wafunge mbwa wako."

Akacheka. "Mama Zuhura, hiyo si mbolea ya bure?"

Miaka ikapita. Nikaanza kusikia uzito chini ya mbavu za kulia. Yakafuata maumivu na kichefuchefu, tumbo likavimba upande mmoja. Wengine walisema nina mimba, wengine nimerogwa. Mume wangu akanipeleka hospitali Kilosa, nao wakanituma Morogoro kupigwa picha.

Daktari akauliza, "Unafuga mbwa?"

"Sifugi. Jirani anao."

"Wanakula nini?"

Nilipomweleza, akaweka kalamu chini. "Mama, una mfuko wa maji kwenye ini. Ni minyoo ya mbwa, nao huipata wakila maini mabichi yenye malengelenge kama hayo. Mayai yake hutoka na kinyesi, nawe ukayameza kwa mikono au mboga."

Nikapasuliwa. Walitoa mfuko mkubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, taratibu, usije ukapasuka ndani. Kidonda kilitoa usaha wiki tatu. Kila nilipobadilishwa bandeji, nilisikia kicheko cha Kibwana. Watoto wangu walipimwa. Kwa rehema ya Mungu walikuwa wazima.

Nilipopata nguvu za kusimama, nilikwenda kusimama mbele ya bucha yake. Kila asubuhi. Kila mteja nilimweleza nilichotolewa tumboni.

"Mama Zuhura, unaniharibia biashara!"

"Wewe uliniharibia ini."

Nikamleta na bwana afya, akafunga machinjio yale. Kibwana na mkewe walikuja kuomba radhi, sikuwakaribisha ndani. Siku walipopakia mizigo kuhamia Vidunda, nilitazama mpaka gari likapotea. Nilifurahi, na sijuti.

Namshukuru Mungu, madaktari, na mume wangu aliyeniogesha kama mtoto. Nanyi, mbwa wenu wapeni dawa ya minyoo kutoka kwa daktari wa mifugo, wasionje nyama mbichi ya machinjioni. Maini mabovu yafukieni kwenye shimo refu. Osheni mboga kwa maji safi, watoto wanawe mikono kabla ya kula. Na jirani akipuuza, mpelekeni kwa bwana afya siku hiyohiyo. Mimi nilipochekwa mara moja nilinyamaza kwa kuona haya, nikakatwa tumbo.