Kufuli Langu kwenye Lango la Kahawa

Siku hiyo naikumbuka kwa mlio wa kufuli, mwanangu. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani Tetu nikiwa na digrii na maswali mengi, kazi sina. Nilihoji kila kitu: mahubiri ya Jumapili, bei ya mbolea, hata kwa nini wazee ndio huandaliwa chai kwanza. Bado nahoji. Kwa hiyo usinikubali kwa sababu nina mvi. Nisikilize, kisha upime mwenyewe.

Jana wewe na wenzako mlikuja kwangu na matairi nyuma ya pikapu. Mlisema nimenyang'anywa kiti cha uwakilishi wa wadi, na kwamba mnangoja neno langu tu mfunge barabara ya Giakanja. Niliwaambia mrudi leo. Jibu langu ni hili, na linaanzia kwenye kiwanda chetu cha kahawa.

Mwaka ule niliorudi kutoka chuo nilikuwa nagombea uenyekiti wa kiwanda hicho. Tulipiga kura kwa mlolongo: kila mkulima alisimama nyuma ya mtu wake, karani akapita akihesabu kwa kugusa mabega. Mlolongo wa mpinzani wangu, Mzee Gathogo, ulipinda nyuma ya meza za kuanikia kahawa, na nilishuku kwamba huko kwenye kona kuna watu waliohesabiwa mara mbili. Karani alimtangaza Gathogo mshindi, kisha akauliza kama kuna mwenye swali. Mimi, mtu wa maswali, nilinyamaza. Niliondoka na hasira yangu.

Asubuhi iliyofuata nilitia kufuli langu kwenye lango la kiwanda. Nilijiambia natetea demokrasia. Vijana wenzangu walinipigia makofi, na nikiri kwamba makofi yale yalikuwa matamu.

Msimu ulikuwa umepamba moto. Kahawa iliyochumwa asubuhi lazima itolewe maganda kiwandani siku hiyo hiyo. Ikilala kwenye gunia huchacha na gredi yake huanguka. Nimezaliwa na mkulima, nililijua hilo. Kufikia saa tisa alasiri wakulima walikuwa wamejaa langoni. Walikuwa wametandaza magunia chini, wamechagua mbivu na kutoa mbichi, na sasa hawakuwa na pa kuzipeleka.

Bibi mzee, jirani yetu, alinisogelea. Tulimwita Cucu Nyaguthii. Cucu kwetu ni nyanya.

"Wewe msomi, hii kufuli ni ya nani?"

"Ni yangu, Cucu. Waliiba kura."

"Ati waliiba! Na jana karani akiuliza, mdomo yako ilikuwa wapi? Ilikuwa imeenda kuchuma kahawa?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Jana nilisimama kwa laini yako, jua yote ile, na hii mguu mgonjwa. Leo niko na magunia mbili inaharibika. Gathogo hajanifungia nje. Ni wewe."

"Lakini Cucu, haki—"

"Fungua kwanza. Halafu uulize swali yako kama mtu mzima."

Nilifungua. Mkono ulinitetemeka hadi ufunguo ukaanguka mara mbili. Mashine zilipoanza kunguruma nilipanda kwenye jukwaa la mizani, nikasema shaka yangu mbele ya wote, nikaomba turudie kura uwanjani, pasipo kona. Mzee Gathogo alikubali.

Wiki iliyofuata tulirudia. Nilishindwa tena, na safari hii kwa watu wengi zaidi. Nilipogeuka nyuma, Cucu hakuwepo. Alikuwa kwenye mlolongo wa Gathogo, ananitazama usoni bila kupepesa. Kama siku ya kwanza kulikuwa na udanganyifu, sitajua kamwe. Waliohama walihamishwa na kufuli langu. Ilinichukua miaka mingi kumrudisha yule mama nyuma yangu.

Sasa turudi kwenye uchaguzi huu. Nimepitia fomu za vituo vyote. Mawakala wangu walikuwepo na wakatia sahihi. Nimeshindwa, mwanangu. Limeniuma, lakini ndivyo ilivyo. Ningekuwa nimeibiwa ningeenda mahakamani mchana, kwa jina langu, na barabara ingebaki wazi. Utaniambia mahakama nazo hukosea. Ni kweli. Ndiyo maana nakutaka uendelee kuuliza. Lakini matairi hayaulizi chochote. Yatamzuia mjamzito anayekimbizwa hospitali ya Nyeri na mama anayepeleka kabichi soko la Karatina, na huenda mama huyo ndiye aliyenipigia kura.

Leo saa nne nakabidhi ufunguo wa ofisi. Nimeamua, na sitabadilisha. Njoo unisindikize, na pikapu iwe tupu. Kisha kesho anza kumhoji mwakilishi mpya kama ulivyonihoji mimi, bila kumwonea haya. Swali lako litoe palepale, watu wakiwa bado wamesimama, kabla hasira haijakufunga mdomo. Na siku utakapopewa madaraka, angalia kwanza ni nani amesimama nje ya lango na gunia lake.

Mungu akupe sauti ya kuuliza na moyo wa kupokea jibu. Usije ukamfungia nje aliyesimama nyuma yako. Na mikono yako, mwanangu, isitetemeke siku ya kufungua.