Kifundo cha Waya na Hadithi ya Fisi

Hivi wewe, umewahi kunusa mpira mpya ukivutwa mpaka unakuwa mwembamba? Basi juzi hapa Korogwe mjukuu wangu Zaina alikuwa juu ya ngazi anaviringisha utepe mweusi kwenye waya wa antena yake, ile harufu ikashuka, mimi nikaacha kuchambua mchicha. Nikarudi kwa mawazo Ngombezi, kwenye kambi ya shamba la mkonge nilikokulia, mtoto tena, miguu ina vumbi.

Simu ninayo, usinicheke. Ila Zaina ana ugonjwa uleule wa Fundi Waya: anataka akirudi kwake tuongee kwa redio.

Huyo Fundi Waya alikuwa mkuu wa mitambo kule korona, kiwandani wanakokamulia mkonge. Jina lake la kweli sisi watoto wa kambini hatukulijua. Nyumbani kwake alikuwa na redio ya kuongea, siyo ya kusikiliza tu, na ruhusa ya serikali alipewa. Kila Jumamosi mchana anaongea na mwalimu mmoja rafiki yake wa Handeni. Kwa starehe tu, jamani! Mtu mzima na akili zake anasema, "Unanisikia?" Mwenzie, "Nakusikia. Wewe unanisikia?" "Nakusikia." Ndiyo maongezi yenyewe, wanacheka, wanafurahi.

Sasa mimi nililelewa na bibi, mama yake mama. Hadithi alizokuwa nazo yule mwanamke! Jioni moja alinianzia ya fisi aliyeoa binti wa chura. Fisi kaenda ukweni kisimani, kavaa kanzu ya kuazima, kaambiwa, "Karibu ndani, mkwe, ila kwanza ufumbe macho." Hapo hapo bibi akashikwa na kikohozi. Kesho yake akapelekwa kwao Kwamsisi, upande wa Handeni, akauguzwe. Akiwa mlangoni mwa basi akanishika kidevu: "Mwisho wake ninao mimi. Usiutafute kwa mtu mwingine."

Nikalia mpaka Fundi Waya akanionea huruma. Akapanga na yule mwalimu: Jumamosi fulani bibi ataletwa Handeni, atakaa mbele ya redio, anipe mwisho wangu. Bibi aliposikia hivyo akatuma bonge la nta ya nyuki limefungwa kwenye jani la mgomba. Kwa nini nta? Kwa sababu masika yalikuwa yanakuja, na antena ile ilikuwa juu ya nguzo ndefu, na pale waya mnene wa antena ulipoungana na waya wa kushuka nyumbani ndipo penye kifundo. Maji yakiingia pale, sauti inakufa.

Fundi alituonyesha chini, kwenye kipande cha waya. Unakausha kwanza. Unachukua ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, unauvuta kwa nguvu, unaanza kuviringisha kutoka chini kwenda juu, kama unavyoezeka nyasi, ili duara la juu lilalie la chini. Halafu unapaka nta. Na waya kabla haujaingia dirishani unauachia tumbo lining'inie, maji yadondokee hapo. "Maji hayana haraka," alikuwa anasema. "Yanasubiri tu ukosee."

Kupanda nguzo hakuweza, goti lilimsumbua. Akapanda mjomba Mhina.

Mjomba Mhina! Mtoto wa bibi mwenyewe, mdogo wake mama. Nilimpenda kuliko pipi. Alikuwa ananibeba kwenye baiskeli, ananiita "mchumba", ananitania kwamba meno yangu yameazimwa kwa panya. Aliposhuka, mikono yote nta, nikamwuliza, "Mjomba, umefunga vizuri?"

"Nimefunga mwenyewe, mchumba. Hata machozi yako hayapiti."

Nikaamini. Kwa nini nisiamini?

Jumamosi ikafika na mvua yake. Nikaoga, nikapakwa mafuta, nikakalishwa kwenye kiti cha Fundi. Akaita Handeni, akaita tena. Ikatoka sauti kama maandazi yanavyotumbukia kwenye mafuta: chaaaa. Ndani yake, mbali kabisa, kitu kikakohoa. Nikakijua kikohozi kile! Nikapiga kelele, "Bibi! Akafumba macho, halafu?" Chaaaa. Fundi akazungusha vitufe mpaka jasho likamtoka. Kikohozi kikapotea, hakikurudi.

Mvua ilipokatika waya ukashushwa chini. Fundi akakikata kifundo kwa kisu. Nje nta, imepasuka kwa jua. Ndani hakuna mpira. Kamba ya katani tupu, imelowa, ukiikamua inatoa maji.

Ngombezi kila kitu tulifunga kwa katani: mlango, kuni, hata suruali za wanaume. Lakini hakuna mtu kambini asiyejua kwamba katani inakunywa maji. Mjomba mwenyewe kazi yake ilikuwa kuianika!

Nikageuka. Alikuwa amesimama pembeni na baiskeli yake. Gurudumu la nyuma, ambalo kabla ya siku ya nguzo lilikuwa halina pumzi wiki nzima, limezibwa, limejaa sasa. Tangu siku ile ya nguzo alikuwa anakwenda nalo Korogwe kwa mchumba wake wa kweli, nywele kazichana.

Fundi akamwuliza, "Mhina, mpira nilikupa. Uko wapi?"

Mjomba akanitazama mimi, hakumtazama yeye. "Ni mvua tu, mpwa wangu," akasema.

Kabla waya haujafungwa upya habari ikaja kwamba bibi amefariki.

Mjomba alimwoa yule binti. Mwanamke mwema, wali wake wa nazi ungeula na kidole. Nilikuwa naula nimewapa mgongo. Nilikua nikidhani hasira yangu ni ya baiskeli. Nimezeeka ndipo nimeelewa: mpira ningemsamehe, ujana una wazimu wake. Ni lile neno la machozi yangu hayapiti. Alinitazama machoni akijua kilichomo ndani ya nta, nta ya mama yake mwenyewe. Mpaka anakufa tulisalimiana vizuri, shikamoo, marahaba. Sikupanda tena baiskeli yake.

Wanangu na wajukuu nimewapa hadithi ya fisi, kila mara na mwisho mwingine, maana wa kwangu sinao.

Basi nikamsimulia Zaina yote haya, yeye juu, mimi chini na mchicha wangu. Mara akaufungua utepe wote aliokuwa ameshauviringisha.

"Mbona unafumua, mama?"

"Nilianzia juu, bibi." Akaanza upya, kutoka chini. Alipomaliza akashuka, akanishika kidevu, mtoto huyu, nani kamfundisha? Akasema, "Bibi, kifundo hiki nitapanda kukikagua kila mwaka kabla ya masika. Na siku kikifa, usiupe upepo mwisho wa hadithi. Nisubiri. Nitakuja kuuchukua kwa miguu."