Breki za Mteremko wa Kilimatinde

Shida zilinianza mwaka 1944, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Mvua ilikataa, ng'ombe wa baba wakaisha, nikaacha darasa la pili nikaenda Dodoma mjini kuosha vyuma gereji. Miaka kumi na miwili baadaye nilikuwa bado naosha. Fundi mkuu, mtu wa pwani, alikuwa na neno moja kwangu: "Wewe Mgogo, spana si fimbo ya kuchungia."

Mhindi mmoja, mnunuzi wa ngozi, akaleta gari dogo kuukuu la jeshi, la kupita porini. Ngoma zake za breki zilikuwa ndogo, likishapakiwa halisimami. Fundi mkuu akalikataa. Nikasema mimi nitalifungia ngoma kubwa za lori bovu lililolala nyuma ya gereji.

"Ikishindikana?" Mhindi akauliza.

"Narudi kijijini, bwana. Sigusi gari tena."

"Mie shahidi," fundi mkuu akadakia.

Siku nne nilitoboa na kupiga tupa mpaka ngoma zikakaa. Kumbe mafuta ya breki yameisha mjini, na reli imekatwa na maji. Fundi mkuu akaniletea kopo la oili ya injini. Nikakataa. Nani aliyekuwa akiosha breki zilizotiwa oili ile? Mimi. Nilijua inavyovimbisha mipira ya ndani ya breki. Nikachovya mpira mmoja katika mafuta ya mbarika, yale mama zetu walilainishia ngozi za kuvaa. Siku mbili, haukuvimba. Nikayachanganya na spiriti, nikajaza.

"Gari litanukia bibi harusi," fundi mkuu akasema.

Tukaenda mteremko wa Kilimatinde na mzigo kamili wa ngozi. Mhindi akashika usukani, akaniambia, "Fundi, kaa hapa karibu yangu. Tukifa, tufe wote." Fundi mkuu akapanda juu ya ngozi ili aone nikiaibika.

Kona ya kwanza Mhindi akakanyaga. Gari likainamisha pua, likasimama. Akaachia, akakanyaga tena, kona baada ya kona, mpaka akaanza kucheka peke yake. Kule chini fundi mkuu aliteremka, akaomba maji ya kunywa.

"Nina lori mbili zinangoja breki," Mhindi akamwambia. "Namtaka huyu."

Tangu siku hiyo sikuoshea mtu chuma.

Leo nina gereji Ipagala, mashine mbili za kuchomelea, nyumba tatu za bati, shamba la zabibu Makutupora, lori moja, na ng'ombe arobaini na sita.